Moyo ukikosa uzito: kwa nini seli za moyo zilizopelekwa angani zililegea?

#1 Mwalimu Chaki

Habari za jioni wakuu.

Nianze na kilichonileta. Mama yangu aliteleza bafuni, akavunjika mfupa wa paja. Kwa umri wake na hali ya mifuko yetu tukaishia kwenye kuvutwa mguu: kamba, kapi, na kidumu cha maji kinaning'inia mwisho wa kitanda. Wiki sita chali. Siku alipofunguliwa tukamwinua akae. Hakumaliza hata dakika. Akasema "naona giza", jasho la baridi likamtoka, akanilalia begani mzima mzima. Huyu ni mama ambaye kabla ya hapo alikuwa anapanda kilima na ndoo kichwani, anaongea njia nzima.

Mguu ulikuwa umeunga vizuri. Kilichogoma kilikuwa kifuani.

Nikaanza kusoma kuhusu moyo na kulala, na kusoma huko kukanifikisha angani. Nivumilieni, uzi ni mrefu.

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Wiki tatu tu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni kwenye mazoezi ukaporomoka zaidi ya robo. Wakapimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa na vitambi na mvi, na ikaonekana hakuna hata mmoja ambaye miaka 30 ya kuzeeka ilimshusha kuliko zile wiki tatu za kitanda.

Sababu yenyewe ukishaambiwa ni rahisi. Ukisimama, uvutano wa dunia unaivuta damu miguuni, na moyo una kazi ya kuipandisha kichwani siku nzima. Ukilala, kilima kimefutwa. Angani ndiyo kabisa: kama lita mbili za majimaji huhama kutoka miguuni kuja juu, wanaanga wanavimba nyuso na miguu inabaki kama ya kuku. Mwili unahisi maji yamezidi, unayapunguza. Damu inapungua, kazi inapungua, na mwili ni bahili: msuli usio na kazi haulipwi mshahara.

Scott Kelly alikaa siku 340 kwenye Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa, 2015 hadi 2016. Alifanya mazoezi siku sita kwa wiki. Pamoja na hayo, chumba cha kushoto cha moyo wake, kile kinachosukuma damu mwili mzima, kilipungua karibu gramu 0.74 kila wiki. Timu ya Benjamin Levine ya Dallas ikamlinganisha na Benoît Lecomte, Mfaransa aliyeogelea Bahari ya Pasifiki siku 159 mwaka 2018, saa karibu sita kwa siku, jumla kama kilomita 2,800. Ungetegemea moyo wa mtu huyo uwe kama wa farasi. Nao ulipungua, karibu kwa kasi ile ile. Aliyelala majini hana kilima cha kupandisha damu.

Hapo nilikuwa nimeridhika kabisa, mpaka nikakutana na habari ya chipu.

Mwezi wa tatu 2020, timu ya Deok-Ho Kim wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilirusha vipande 48 vya tishu ya moyo wa binadamu. Si moyo wa mtu. Ni seli za mtu mzima zilizorudishwa nyuma kuwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine, kisha zikalelewa ziwe seli za moyo, zikakua pamoja kama uzi mnene uliofungwa kati ya nguzo mbili kwenye kifaa kidogo, ndiyo hiyo chipu. Nguzo moja ngumu, nyingine inapinda na ina kisumaku. Tishu ikijikaza, nguzo laini inavutwa, sumaku inasogea, kihisi kinapima. Kila nusu saa, sekunde 10 za mapigo zilisomwa na takwimu kuletwa duniani. Mwanaanga Jessica Meir alizibadilishia tishu maji ya lishe kila wiki, kama mtu anayemwagilia miche.

Tishu zikakaa siku 30. Nguvu ya kujikaza ikawa karibu nusu ya wenzao zilizobaki ardhini. Mapigo yakakosa mpangilio. Muda kati ya pigo na pigo ukarefuka mpaka karibu mara tano. Ndani ya seli, zile pingili za protini zinazovutana ili msuli ujikaze, sakomea, zikawa fupi na zimekaa shaghalabaghala. Mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, zikavimba, zikawa mviringo, zikapoteza mikunjo yake. Utendaji wa jeni za uvimbe (ule wa jeraha, si wa saratani) na za msongo wa oksijeni, yaani seli kuumizwa na mabaki ya oksijeni, ukapanda. Matokeo yalichapishwa 2024.

Sasa swali langu. Hizi tishu hazina miguu. Hazina figo wala damu ya kusukuma. Kazi yao ni kuvuta kinguzo, na kinguzo ni kile kile juu na chini. Ile hadithi yangu nzuri ya kilima haipo. Kilichozilegeza ni nini?

---

#2 Shangazi Kicheko

Pole sana Mwalimu, mpe mama salamu. Hapo kwenye kukulalia begani nimeweka simu chini kwanza.

Swali la aliyekimbia fizikia kidato cha pili: huko juu uvutano umeishia wapi? Una mwisho kama mtandao ukitoka mjini?

---

#3 Fizikia Tupu

Shangazi, haujaisha. Kituo kile kiko kama kilomita 400 juu. Uvutano wa pale ni karibu asilimia 90 ya huu tulionao hapa. Kinachotokea ni kwamba kituo kinaanguka. Kinaanguka muda wote, ila kinakwenda pembeni kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kikianguka dunia nayo imeshapinda chini yake. Lifti ikikatika kamba, wewe na mizani uliyosimamia mnaanguka pamoja, mizani inasoma sifuri. Wale wanaishi ndani ya lifti iliyokatika kamba, miezi sita.

Sasa Mwalimu, nakuja kwako, na nakuja kwa ubishi.

Seli moja ya msuli wa moyo ina urefu wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Iko ndani ya majimaji yenye msongamano karibu sawa na wake, kwa hiyo inakaribia kuelea. Nimepiga hesabu: uzito unaobaki ni kama pikonewtoni 15. Nguvu ambayo seli hiyo hiyo inatoa ikijikaza iko kwenye maikronewtoni, na maikronewtoni moja ni pikonewtoni milioni. Tofauti ni maelfu kwa maelfu. Kusema seli imelegea kwa kuondolewa uzito wake ni sawa na kusema mpagazi wa Kariakoo amedhoofika kwa sababu nzi aliyekuwa juu ya gunia lake ameruka.

Nani alimwambia seli kwamba iko angani? Nitajieni mjumbe.

---

#4 NesiWaZamu

Mimi niko wodini, ya angani siyajui, ila ya mama nayajua.

Mwalimu, aliyelala wiki sita hainuliwi mara moja, hata awe na furaha kiasi gani. Damu imepungua, mishipa ya miguu imesahau kubana, na ule mfumo wa shingoni unaopima presha na kuuambia moyo "kimbia" umezubaa. Unainua kichwa cha kitanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kisha anakaa ukingoni, miguu inaning'inia, anakunja na kukunjua nyayo kama anakanyaga cherehani. Unasubiri. Unamwangalia midomo, usimwangalie macho. Midomo ndiyo inaanza kupauka. Ndipo asimame akiwa ameshikwa pande mbili. Maji anywe ya kutosha, labda kama daktari amemzuia.

Na mwambieni daktari kwamba alizimia, apimwe damu na moyo. Si kila kizunguzungu ni cha kulala.

---

#5 Mwalimu Chaki

Dada Nesi, Mungu akubariki. Kumbe tulimwinua kama tunasimamisha nguzo ya umeme.

Fizikia, nzi wako amenikaa. Lakini ukiangalia tishu kwenye chipu, si seli moja inaelea. Ni maelfu zimeshikana, zimevutwa kati ya nguzo mbili, na ndani ya kila moja kuna mifupa ya protini inayoshika kiini upande huu na ukuta upande ule. Seli za moyo husoma mvutano wa jirani. Ukizikuza juu ya kitu laini mno au kigumu mno zinabadilika. Huoni kwamba mjumbe anaweza kuwa kwenye mshikamano huo?

---

#6 Maabara Kona

Nimekuwa msomaji tu, leo mmenitoa.

Mjumbe ambaye Fizikia anamtafuta huenda ni maji ya lishe yenyewe. Chemsha maji: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka. Kupanda na kushuka huko ni uvutano. Uondoe, na mzunguko unakufa. Ndiyo maana mwali wa moto kule juu unakuwa mviringo kama tufe, hewa ya moto haijui kwamba inatakiwa kupanda. Sasa fikiria seli inayopiga mfululizo, inakula oksijeni, inatoa uchafu. Hapa chini kuna angalau vijimkondo vya kuchanganya. Juu, seli imekaa ndani ya uchafu wake ikisubiri oksijeni ijipenyeze yenyewe polepole. Mitokondria kuvimba na jeni za msongo wa oksijeni kupanda ni picha ninayoweza kuitegemea hata bila kutaja uvutano.

Ongeza mtikisiko wa kurushwa. Ongeza mionzi. Tishu zile zililinganishwa na nyingine zilizobaki ardhini, ambazo hazikupanda roketi. Mimi nikipima sukari ya wagonjwa siku mbili kwa mashine mbili tofauti, bosi wangu hanielewi.

Kitu cha kufanya kinajulikana: weka sentrifyuji kule kule juu. Nusu ya tishu zizungushwe kwa kasi inayoleta uzito sawa na wa duniani, nusu zielee. Roketi ile ile na mionzi ile ile. Maabara ya Wajapani kwenye kituo hicho, Kibo, ina mashine za namna hiyo. Mpaka jaribio hilo lifanyike kwa tishu hizi, mimi naandika "baada ya safari ya angani", siandiki "kwa sababu ya kukosa uzito".

Na Mwalimu, kuna jingine hukulitaja. Mwaka 2016 timu ya Joseph Wu wa Stanford ilipeleka seli za aina hiyo hiyo, zikakaa wiki tano na nusu. Jeni 2,635 zilibadilika utendaji ukilinganisha za juu, zilizorudi na za ardhini. Nyingi zilihusu mitokondria. Lakini umbo lilibaki karibu lile lile na ziliendelea kupiga. Siku 10 baada ya kurudi, jeni zilikuwa zimekaribia kabisa za ardhini. Kwa hiyo hata "zililegea" inategemea nani alipeleka na alizikuza vipi.

---

#7 Kijana wa Stendi

Maji hayajatoka mtaani siku tisa, nyie mnajadili maji ya seli angani. Tanzania bwana.

---

#8 Shangazi Kicheko

Kijana, kwetu pia hayajatoka. Ndiyo maana nina muda wa kusoma.

---

#9 Mkaa Mbugani

Mmesahau upande wa pili wa mizani. Mnazungumza uzito ukipungua, mimi natembeza wageni Serengeti na kila siku namwangalia mnyama ambaye uvutano umemwongezea kazi.

Twiga ana kichwa kama mita mbili juu ya moyo. Presha yake, ikipimwa karibu na moyo, ni kama mara mbili ya yetu. Kwa binadamu presha hiyo ni hatari na ukuta wa moyo unanenepa vibaya. Kwa twiga ukuta wa chumba cha kushoto ni mnene, lakini ni wa afya. Na unanenepa kadiri shingo inavyorefuka. Ndama hazaliwi nao. Shingo ikipanda, kazi inapanda, ukuta unafuata.

Wageni wanapenda kuambiwa twiga ana moyo mkubwa ajabu. Si kweli, kwa mwili ule moyo wake ni wa kawaida tu. Kilicho cha ajabu ni unene wa ukuta.

---

#10 Fizikia Tupu

Mkaa, hiyo imenifurahisha, acha niiwekee namba. Safu ya damu ya mita 2 inahitaji presha ya takriban milimita 155 za zebaki ili kufika juu tu, kabla ubongo haujapata kitu. Kwetu sisi, kutoka moyoni hadi kichwani ni kama sentimita 30, yaani kama milimita 23. Mama Mwalimu akiwa chali, hizo 23 zinakaribia sifuri. Kwa moyo mzima basi sina ubishi, uvutano una mjumbe na mjumbe ni presha.

Ubishi wangu ni wa chipu tu. Na Maabara, hata vijimkondo vyako sivikubali haraka. Kwenye chombo cha milimita chache, joto sawa kila kona, mzunguko wa namna hiyo hata hapa duniani ni hafifu. Oksijeni inajipenyeza yenyewe kwa sehemu kubwa, juu na chini.

---

#11 Maabara Kona

Hafifu si sifuri. Lakini sawa, nimekusikia.

Nidokeze na hizi mashine za kuigiza kukosa uzito, maana kuna watu watasoma "jaribio la kukosa uzito" na kumbe lilifanyika kwenye chumba hapa hapa duniani. Chombo chenye seli kinazungushwa polepole pande zote, ili kabla seli haijatulia upande mmoja, "chini" imeshahama. Kama kumgeuza mtu kitandani kila anapotaka kusinzia. Uvutano upo wote, umepoteza mwelekeo tu.

Na matokeo yake si hasara daima. Timu ya Chunhui Xu wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, iliweka seli changa kwenye hali hiyo zikiwa zimekusanyika kama vitufe, ikapata seli za moyo nyingi zaidi na safi zaidi. Baadaye wakapeleka za kwao angani, roketi ile ile ya Machi 2020 iliyobeba zile za Johns Hopkins. Abiria wa basi moja, mmoja anachunguza kuzaliwa na mwingine anachunguza kuchoka.

---

#12 Mtoro wa Bailojia

Naomba niingize nzi mwingine kwenye uzi huu, maana wa Fizikia ametuonea.

Taasisi ya Sanford Burnham Prebys ya California ilipeleka nzi wa matunda kwenye kituo, wakazaliwa na kukulia kule. Utafiti ulitoka 2020, Karen Ocorr na Rolf Bodmer wakiwemo. Nzi wa matunda ana urefu wa kama milimita tatu. Moyo wake ni kijibomba mgongoni. Hana safu ya damu ya kupandisha hata kwa utani, hana presha ya kuhesabu kama ya twiga.

Mioyo yao ilitoka midogo, na ilijikaza kwa nguvu ndogo kuliko ya wenzao wa ardhini. Nyuzi za msuli zilivurugika. Na ndani ya seli walikuta proteasomu zimeongezeka sana. Hizo ni mashine za kusagia protini zilizochakaa. Yaani seli ilikuwa kwenye bomoabomoa kuliko ujenzi.

Fizikia, kwa hesabu yako nzi huyu hakutakiwa kujua lolote.

---

#13 Fizikia Tupu

Duh.

Sawa, nimesogea nusu hatua. Nzi anatembea, anapanda ukuta, ana misuli ya miguu inayobeba mwili. Angani anaelea, mwendo wake wote unabadilika, na moyo unafuata mwili. Hilo ni jibu, lakini nakiri linanuka ubishi.

Nikiri na jingine. Mimi nimehesabu kana kwamba seli ni kokoto ndani ya maji. Seli ina kamba zilizovutwa tayari, na kitu kilichovutwa tayari kinaweza kuhisi kidogo sana. Uzi wa gitaa unalia kwa kuguswa na unyoya. Ila sitasema ndivyo ilivyo mpaka niione ile sentrifyuji ya Maabara.

---

#14 Pwani Raha

Nimesoma yote, swali moja la vitendo. Tukishajua, inatusaidia nini sisi tusiokwenda Mirihi?

---

#15 Mwalimu Chaki

Pwani, kwa ninavyoelewa: zile dalili walizoziona kwa mwezi mmoja, pingili kuvurugika, mitokondria kuvimba, mapigo kuyumba, zinafanana na za moyo wa mtu anayeugua kwa miaka. Kwa hiyo angani ni mahali pa kuuona ugonjwa ukienda mbio, na dawa zinaweza kujaribiwa hapo. Johns Hopkins walirusha kundi la pili 2023 kwa kazi hiyo.

Maabara, umenirekebisha na nakubali. Nilipoandika "kilichozilegeza ni nini" nilishajijibu kichwani kabla ya kuuliza. Lakini nzi wa Mtoro hanitoki. Dau langu bado liko kwenye mshikamano wa seli, na nikishindwa na sentrifyuji nitarudi hapa hapa kukiri.

Na mama: daktari alimpima, damu ilikuwa chini kidogo, kapewa dawa, moyo hauna shida nyingine. Tukafuata ya dada Nesi. Siku tatu kuinua kichwa cha kitanda. Ya nne akakaa ukingoni, anakanyaga cherehani hewani huku ananisema kwamba sijanyoa ndevu. Mimi namwangalia midomo.

Jana alisimama. Mimi huku, dada yangu kule. Akahesabu mwenyewe kwa sauti mpaka ishirini, akanyamaza, akaangalia chini, akauliza ndala yake ya pili iko wapi.

---

#16 NesiWaZamu

Ndala hapana Mwalimu, atateleza tena. Mnunulieni viatu vya kufunga nyuma.